Atomi tatu na koki iliyokwama: vigunduzi vya mwanga vinavyonolewa

Chukua rimoti ya televisheni, fungua kamera ya mbele ya simu, ile ya selfi, kisha elekeza ncha ya rimoti kwenye kamera na ubonyeze kitufe chochote. Kwa macho matupu hutaona kitu. Kwenye kioo cha simu utaona kijitaa kinapepesa, cheupe au cha zambarau. Mwanga ule upo kweli. Urefu wa wimbi lake ni nanomita 940 hivi (nanomita ni mita moja ikigawanywa mara bilioni), na jicho la binadamu huishia karibu na 700. Kamera inauona kwa sababu imetengenezwa kwa silikoni, na silikoni huona mpaka kama nanomita 1,100. Ukijaribu kwa kamera ya nyuma huenda usione kitu, maana watengenezaji wengi huiwekea kichujio ili mwanga wa namna hiyo usivuruge rangi za picha.

Kwa hiyo unatembea na vigunduzi vya mwanga mfukoni, tena si kimoja. Kipo cha kamera, kipo kinachozima kioo ukiweka simu sikioni, kipo kinachopunguza mwangaza giza likiingia. Karibu vyote ni silikoni, na silikoni ni rahisi, imezoeleka, inajua kazi yake. Mbona basi maabara za Ulaya, Asia na Marekani zimehangaika zaidi ya miaka kumi na tano na vigunduzi vya utando wenye unene wa atomi tatu? Na mbona ripoti zao zinamchanganya msomaji hivi: leo unaambiwa kigunduzi kimeboreshwa mara laki moja, kesho mwingine kavunja rekodi hiyo, na dukani hukioni?

Fundo liko mahali pamoja, na likifunguka hapo mengine yanafuata. Kile kinachokifanya kigunduzi cha utando kiwe kikali ndicho hichohicho kinachokifanya kiwe kizito wa kuitikia.

Kiti kitupu kwenye foleni

Ndani ya semikondakta, yaani kitu kama silikoni kinachopitisha umeme kwa masharti, elektroni zimetulia mahali pake, na zikitaka kutembea sharti kwanza ziruke pengo la nishati. Mwanga nao huja vipande vipande viitwavyo fotoni. Fotoni yenye nishati ya kutosha ikimezwa, elektroni moja huruka pengo na kuwa huru, na pale ilipotoka hubaki tundu. Tundu nalo hutembea. Umewahi kukaa kwenye foleni ya benki yenye viti, ambapo mtu wa mbele akiitwa kila mmoja anasogea kiti kimoja? Watu wanakwenda mbele, kiti kitupu kinarudi nyuma. Tundu ndicho kiti hicho. Ukiunganisha betri kwenye ncha mbili za kipande cha semikondakta, elektroni zinavutwa huku, matundu kule, na mita inasoma mkondo.

Habari hii ni ya zamani. Mwaka 1873 Mwingereza Willoughby Smith, aliyekuwa akipima nyaya za telegrafu za chini ya bahari kwa kutumia vipande vya seleni, alikuta vipimo vyake vinacheza kila mwanga unapobadilika. Kilichomkera kazini kikawa mwanzo wa taaluma nzima.

Shika mambo mawili tu ya hesabu. La kwanza, pengo ndilo linaloamua rangi. Pengo la silikoni ni elektroni-volti 1.12, na fotoni dhaifu kuliko hapo hupita kama haikukuta kitu. Ndipo unapotoka ule mpaka wa nanomita 1,100. La pili, fotoni moja hutoa elektroni moja. Kwa mwanga mwekundu wa nanomita 620, wati moja ya mwanga ikimezwa yote, bila hasara yoyote, hutoa nusu ampea. Basi. Ikumbuke nusu ampea hiyo, maana muda si mrefu tutakutana na watu waliopata 880.

Weusi ulio kwenye grisi

Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walibandua matabaka ya grafiti kwa selotepu, wakabandua tena na tena, mpaka wakabaki na tabaka moja lenye unene wa atomi moja. Tabaka hilo ndilo grafini, na mwaka 2010 liliwapa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Grafiti yenyewe si kitu cha ajabu. Ndiyo iliyomo kwenye penseli, ndiyo iliyolala chini ya vilima vya Mahenge huko Morogoro.

Grafini hupitisha umeme kwa kasi ya kutisha, na humeza asilimia 2.3 ya mwanga unaoipiga. Kwa kitu chenye unene wa atomi moja hiyo ni nyingi mno. Kwa kigunduzi ni haba, maana asilimia 97.7 inapita zake. Kibaya zaidi, grafini haina pengo la nishati. Mkondo unapita ndani yake mchana na usiku, mwanga uwepo usiwepo. Kuitafuta fotoni ndani ya mkondo huo ni kama kusikiliza mnong'ono ukiwa ndani ya mashine ya kusaga unga.

Watu wakageukia madini mengine yenye matabaka. Linaloongoza ni molibdenamu disalfaidi, au kwa kifupi MoS₂. Mafundi magari wanalijua hata kama hawajalisikia kwa jina hilo: ndilo weusi ulio kwenye grisi inayojazwa kwenye CV-jointi. Hulainisha vyuma kwa sababu matabaka yake huteleza moja juu ya jingine kama karata. Kila karata ni atomi tatu: salfa juu, molibdenamu katikati, salfa chini. Unene wake ni nanomita 0.65. Ungehitaji kupanga zaidi ya laki moja ili ufikie unene wa unywele.

Mwaka 2010 vikundi viwili, kimoja cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kingine cha Berkeley, California, vilionyesha jambo ambalo grisi haikuwahi kulidokeza. MoS₂ ikiwa bonge, pengo lake ni karibu elektroni-volti 1.3, na elektroni haiwezi kuliruka kwa mwanga peke yake. Lazima ipate na msukumo wa pembeni kutoka kwenye mtetemo wa atomi. Ikibaki tabaka moja, pengo linapanda hadi karibu 1.8 na msukumo hauhitajiki tena. Mwanga unaingia na kutoka kirahisi. Ukokotozi uliofanywa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2013 ulionyesha kwamba tando za jamii hii, zenye unene usiofika nanomita moja, zinaweza kumeza asilimia 5 hadi 10 ya mwanga wa jua, ambayo ni kama mara kumi ya silikoni yenye unene uleule.

Kuna na faida nyingine ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ingawa huandikwa kwa sentensi moja mwishoni. Utando huu hauna mikono inayoning'inia, yaani vifungo vya kemikali vinavyotafuta mwenzi. Kemia yake imejitosheleza juu na chini, kwa hiyo unaweza kuulaza juu ya kioo, plastiki au chipu iliyokwisha kutengenezwa, na hautadai kwamba fuwele ya chini ifanane nao. Kamera za infraredi (mwanga usioonekana kama ule wa rimoti) zilizo sokoni leo, za mchanganyiko wa indiamu, galiamu na aseniki, ni ghali kwa sababu fuwele yake sharti ikuzwe juu ya fuwele nyingine inayolingana nayo, kisha ndipo iunganishwe na chipu ya silikoni. Utando hauna makuu hayo. Mwaka 2017 watafiti wa Korea Kusini waliutumia, pamoja na grafini, kutengeneza sensa ya picha iliyopinda kama retina ya jicho. Silikoni ya kawaida ukiipinda hivyo inavunjika.

Koki ya kutawadhia

Sasa tuje kwenye namba. Mwaka 2012 kikundi cha Chuo Kikuu cha Nanyang, Singapore, kilitoa taarifa ya transista ya mwanga ya tabaka moja la MoS₂. Kwa kila wati ya mwanga ilitoa miliampea 7.5. Ni dhaifu sana ukiilinganisha na ile nusu ampea, lakini iliwaka na kuzima ndani ya milisekunde 50. Mwaka uliofuata, kikundi cha Andras Kis katika chuo cha EPFL, Lausanne, Uswisi, kikaja na kigunduzi cha MoS₂ hiyohiyo, tabaka moja vilevile, kinachotoa ampea 880 kwa wati. Piga hesabu: ni zaidi ya mara 117,000. Mwanga waliotumia ulikuwa wa nanomita 561, ambako sheria ya fotoni moja kwa elektroni moja haitoi hata nusu ampea. Kwa hiyo kila fotoni ilikuwa inaleta elektroni karibu 1,900.

Sheria haikuvunjwa. Fikiria zile koki za kubonyeza ambazo siku hizi ziko misikitini mahali pa kutawadha, na kwenye vyoo vya hoteli. Unabonyeza mara moja, maji yanatoka kwa sekunde chache, springi inarudi, maji yanakata. Maji yanayotoka hayatoki kidoleni mwako. Yalikuwa bombani muda wote. Kidole kimefungua njia tu. Sasa springi ikichoka, ukibonyeza mara moja maji yanatoka dakika nzima. Ukipima kwa ndoo utasema koki hii ni bora kuliko zote: bonyezo moja, ndoo tatu.

Ndani ya utando hali ni hiyo. Fotoni ikimezwa huzaa elektroni na tundu. Tundu likinaswa mahali, kwenye kasoro ya fuwele au kwenye uchafu ulio chini ya utando, halisogei tena. Chaji yake chanya inabaki pale ikiwavuta majirani. Elektroni inatoka upande mmoja, nyingine inaingia upande wa pili kuziba nafasi, nayo inatoka, nyingine inaingia. Hilo litaendelea mpaka tundu liachiliwe na kukutana na elektroni yake. Ukuzaji wote ni mgao wa muda: muda ambao tundu limenaswa, gawa kwa muda ambao elektroni moja inachukua kuvuka. Likinaswa mara elfu mbili ya muda wa kuvuka, utapata elektroni elfu mbili.

Bei yake umeshaiona. Kigunduzi cha Lausanne kilichukua kama sekunde 4 kupanda na kama sekunde 9 kushuka mwanga ulipozimwa. Kwa video ya picha 30 kwa sekunde, sekunde 9 ni picha 270. Mtu akipita mbele ya kamera ya namna hiyo angeacha ukungu mrefu nyuma yake. Na kuna la ziada ambalo vichwa vya habari hulisahau: ile 880 ilipimwa kwa mwanga hafifu mno, pikowati 150 (pikowati ni wati moja ikigawanywa mara trilioni). Ukiongeza mwanga mitego inajaa na namba inashuka. Koki iliyokwisha kukwama wazi haiongezi maji hata wabonyeze watu kumi.

Nani aliyeikwamisha? Hapo ndipo hadithi inaponipendeza. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Vienna walichambua mwitikio huu polepole, wakaona sehemu yake kubwa inatokana na chaji zilizonaswa kwenye molekuli za maji zilizobanwa kati ya utando na sakafu yake ya silika, yaani oksidi ya silikoni. Maji! Unyevu wa kawaida wa hewani. Kikundi kingine kilikuwa kimeshapima kigunduzi kimoja mara mbili: ndani ya ombwe kilitoa ampea 2,200 kwa wati, kwenye hewa ya kawaida 780. Kifaa kilekile, namba mbili, tofauti ni hewa tu.

Sisemi kulikuwa na udanganyifu. Wote walipima walichokiona. Ila mtego uliowapa sifa haukuwa umesanifiwa na mtu. Ulikuwa uchafu uliokaa mahali pazuri. Na kitu ambacho hukukisanifu hukirudii, hukitengenezi mara milioni kwenye chipu moja vyote vikafanana.

Kusafisha, na hasara ya usafi

Hatua ya kwanza ya kuboresha ikawa usafi. Utando wa atomi tatu hauna ndani. Wote ni ngozi. Chochote kinachougusa kinauhusu. Dawa iliyoenea ni kuuvika juu na chini kwa boroni naitraidi, fuwele ya matabaka isiyopitisha umeme na laini kuliko silika. Fuwele nzuri za kitu hiki, kwa miaka mingi, maabara za dunia nzima zimekuwa zikiletewa na wanasayansi wawili wa taasisi ya NIMS huko Tsukuba, Japani: Kenji Watanabe na Takashi Taniguchi. Huzitengeneza kwa joto kali ndani ya mashine ya kugandamiza yenye ukubwa wa chumba. Majina yao yametokea kwenye makala nyingi za kisayansi kiasi kwamba ukisoma fani hii wiki moja utadhani ni ndugu zako.

Baada ya kuvikwa, bado utando una majeraha ya kuzaliwa. MoS₂ hukosa atomi za salfa hapa na pale, kadiri ya moja katika kila mia mbili, na kila pengo ni mtego au kaburi la elektroni. Mwaka 2015 kikundi cha Ali Javey huko Berkeley kiliuogesha utando kwa asidi kali mno ya kikaboni. Kabla ya hapo, katika kila fotoni mia zilizomezwa, utando ulirudisha chini ya moja kama mwanga. Baada ya kuogeshwa ulirudisha zaidi ya 95. Kwa lugha nyingine, karibu makaburi yote yalizibwa kwa kuloweka tu.

Ungetegemea hapo kila mtu ashangilie. Lakini rudi kwenye koki. Ukizitengeneza springi zote vizuri, maji yanakata mara moja, na zile ndoo tatu zinapotea. Utando msafi kabisa ni mwepesi, na ni dhaifu: fotoni moja, elektroni moja, tena kwa ile asilimia chache tu ya mwanga iliyomezwa. Hii ndiyo sababu nasema "kuboresha" ni neno lenye mtego wake. Ukitaka kupima mwanga wa nyota usiobadilika kwa dakika nzima, koki iliyokwama ni rafiki yako. Ukitaka kupokea data za intaneti kwenye waya wa kioo, ni adui.

Maungio ya metali ni kidonda cha peke yake. Umeme lazima uingie na kutoka kupitia metali, na njia ya kawaida ya kuiweka ni kuipasha mpaka ivukizwe, kisha atomi zake zianguke juu ya utando. Kwa bonge la silikoni si kitu. Kwa atomi tatu ni mvua ya mawe. Pale chini ya metali fuwele huvurugika na kujenga ukuta ambao elektroni huupanda kwa taabu, hata ubadilishe metali gani. Mwaka 2018 kikundi cha Xiangfeng Duan katika chuo cha UCLA, California, kiliacha kunyeshea, kikatengeneza metali pembeni, kikailaza juu ya utando taratibu kama unavyolaza kitambaa, na ukuta ule ukaanza kufuata aina ya metali kama vitabu vilivyosema tangu zamani. Mwaka 2021 MIT na wenzao, wakiwemo kampuni ya chipu ya TSMC ya Taiwan, wakaonyesha kwamba bismathi, metali dhaifu inayoyeyuka kwa joto dogo, huungana na MoS₂ karibu bila ukuta kabisa.

Mmoja ameze, mwingine abebe

Ikiwa mtego ni lazima, basi tuuchague wenyewe. Wazo hili ndilo lililofika mbali zaidi kibiashara. Mwaka 2012, katika taasisi ya ICFO iliyo Castelldefels, karibu na Barcelona, Gerasimos Konstantatos na Frank Koppens na wenzao walipaka juu ya grafini chembe ndogondogo za risasi salfaidi, ziitwazo nukta za kwanta. Kazi ikagawanywa. Nukta zinameza mwanga, kazi ambayo grafini haiiwezi. Zikimeza, matundu yanashukia kwenye grafini, elektroni zinanaswa juu ndani ya nukta. Grafini inabeba mkondo kwa kasi, kazi ambayo nukta haziiwezi. Ukuzaji ulifika elektroni milioni mia moja kwa fotoni moja. Na kwa kuwa mtego ulikuwa wa kutengeneza, waliweza pia kuufungua kwa amri: mpigo mfupi wa volteji kwenye geti, ile ncha ya kuongozea mkondo, na elektroni zilizonaswa zinaachiliwa. Ni koki uliyoikwamisha mwenyewe, na ufunguo unao.

Mwaka 2017 kundi hilohilo liliziweka nukta na grafini juu ya chipu ya silikoni na kupata kamera yenye pikseli 388 kwa 288, inayoona kutoka nanomita 300 hadi 2,000. Yaani kutoka urujuanimno, kupitia rangi zote tunazoziona, hadi mbali ndani ya infraredi ambako silikoni imekwisha kuwa kipofu. Nikiambiwa nichague tokeo moja la fani hii la kumwonyesha mtu asiye mwanafizikia, nitachagua hilo, maana ni picha, si namba.

Njia ya pili inakataa mtego kabisa. Unalaza MoS₂, yenye elektroni za ziada, juu ya tangsteni daiselenaidi, ndugu yake yenye matundu ya ziada, na tayari una diodi, yaani kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja, yenye unene wa atomi sita. Kikundi cha mwanafizikia Philip Kim kilichapisha diodi ya namna hii mwaka 2014. Mahali tando mbili zinapogusana, elektroni inaporomokea upande mmoja na tundu upande mwingine, hata bila betri. Ni mwendo wa haraka usioelezeka: kipimo kilichofanywa Berkeley mwaka huohuo, kwa jozi ya MoS₂ na tangsteni disalfaidi, kilionyesha chaji zinaachana ndani ya femtosekunde 50 (femtosekunde elfu moja ni pikosekunde moja, na pikosekunde trilioni moja ni sekunde moja). Ukuzaji hakuna, lakini gizani mkondo ni mdogo, na kasi ni kubwa. Mwaka 2016 ICFO walibana tangsteni daiselenaidi kati ya tando mbili za grafini, umbali wa kuvuka ukawa nanomita chache tu, na mwitikio ukashuka hadi pikosekunde 5.5. Kutoka sekunde 9 hadi pikosekunde 5.5 ni tofauti ya zaidi ya mara trilioni, ndani ya familia moja ya vifaa. Ndiyo maana sentensi "vigunduzi vya tando ni vya polepole" na sentensi "vigunduzi vya tando ni vya haraka" zote ni kweli na hazimsaidii mtu.

Tatizo la kumeza mwanga kidogo lina dawa nyepesi kueleza: rudisha mwanga upite tena. Vienna, mwaka 2012, waliiweka grafini kati ya vioo viwili vinavyotazamana, kama mtu kwenye kiti cha kinyozi mwenye kioo mbele na nyuma. Mwanga ukadunda huku na huko mpaka umezaji ukapanda kutoka asilimia 2.3 hadi zaidi ya 60. Tena kuna bei: vioo hivyo hukubali rangi moja tu. Kwa mawasiliano ya leza ni sawa, kwa kamera haifai.

Ukisoma ripoti, tafuta kelele

Kipimo wanachokipenda watafiti si ampea kwa wati peke yake. Kuna kingine kinachouliza mwanga hafifu kiasi gani unaweza kutofautishwa na kelele za kifaa, kikizingatia ukubwa wa kifaa, na kipimio chake huitwa Jones, kwa jina la mwanafizikia R. Clark Jones. Ni kipimo kizuri kikitumiwa kwa uaminifu. Kasheshe ni kwamba kelele zenyewe ni kazi kuzipima, hivyo wengi huchukua mkondo wa gizani, huchomeka kwenye fomyula inayohesabu aina moja tu ya kelele, na kuandika jibu. Kwenye tando zenye mitego, kelele kubwa ni ile ya polepole, inayozidi kadiri mawimbi ya umeme yanavyokuwa ya taratibu. Fomyula ile haiioni kabisa. Matokeo yanapendeza kwenye karatasi kwa mara kumi, mara mia, au zaidi. Mwaka 2019 jarida la Nature Photonics lilichapisha makala ya wataalamu wakilalamikia jambo hili waziwazi na kuelekeza namna sahihi ya kupima.

Mimi nina kipimo changu cha mlangoni. Nikikuta ripoti inataja ampea kwa wati bila kutaja muda wa kuzima na nguvu ya mwanga uliotumika, naiweka pembeni. Muuza gari asiyetaka kukuonyesha breki hata asifie injini vipi, huondoki na gari lake.

Vienna, na bamba lililosimama wima

Kuna kazi moja ambayo utando unafanya na silikoni haina jibu rahisi. Mwaka 2020 watafiti wa Vienna walitengeneza chipu ndogo ya diodi 27 za tangsteni daiselenaidi, na kila diodi ukali wake unaweza kupandishwa, kushushwa, hata kugeuzwa kuwa hasi, kwa volteji za geti. Wakazifundisha. Picha ya herufi ikiangukia chipu, mikondo inajumlika yenyewe kwenye nyaya na jibu linatoka, ndani ya kama nanosekunde 50, bila kompyuta ya kusoma pikseli moja moja. Jicho lenyewe ndilo lililofikiri. Diodi 27 ni chache, herufi walizotumia ni chache pia, na bado ni moja ya mambo yanayonifanya niendelee kufuatilia.

Kilichobaki si fizikia sana, ni tanuru. Selotepu haiwezi kulisha kiwanda. Utando unapaswa kukuzwa kutoka kwenye gesi juu ya bamba zima la silikoni, na kawaida hilo linataka joto linalozidi lile chipu inaloweza kustahimili, maana chipu iliyokwisha kuwekewa nyaya huanza kuharibika ikizidi karibu nyuzi 400. Kugawanya gesi yenye salfa kunahitaji moto. Gesi ya molibdenamu ikipata moto huo inaharibika mapema. Mwaka 2023 kikundi cha MIT kilijenga tanuru lenye vyumba viwili: nyuma pa moto, mbele pa ubaridi. Gesi zote mbili zinaingilia mbele. Ya molibdenamu inabaki hapo, ya salfa inapita hadi nyuma, inavunjwa na moto, kisha inarudi. Bamba la milimita 200, lenye saketi zake tayari, linasimamishwa wima kwenye chumba cha mbele, chini ya nyuzi 300, ili upande wowote usiukaribie moto. Baada ya muda usiofika saa moja linatolewa likiwa limevikwa MoS₂ ya tabaka moja kutoka ukingo hadi ukingo, na nyaya zake zote nzima.